Ping inajibu, snmpwalk inanyamaza

"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia tehama kwenye chuo kidogo hapa Dodoma mjini. Tuna ruta ya MikroTik inayopokea intaneti ya megabiti (Mb) 50 kwa sekunde, swichi saba za chapa mchanganyiko, UPS kwenye chumba cha seva, na tawi dogo Mpwapwa tulilounganisha kwa VPN. Mkuu wa chuo anataka kila asubuhi aone intaneti imetumikaje na nani anaimaliza. Nimeweka Ubuntu kwenye kompyuta ya zamani nikaanza kujaribu snmpwalk. Ruta inajibu ping bila shida, lakini snmpwalk inaniambia 'Timeout: No Response'. Swichi moja ilijibu, ikamwaga maelfu ya mistari nisiyoielewa. Nikaokota namba ya baiti zinazoingia kwenye tundu linaloelekea kwenye ruta: asubuhi ilikuwa 3,912,440,017, jioni 611,208,954. Inarudi nyuma! Mpwapwa nako swichi yao inaanza kujibu halafu inakatika katikati. Rafiki yangu anasema nitumie 'private' badala ya 'public' na nizime faiawoli kabisa. Nimekosea wapi, au vifaa vyetu ni vibovu?"

Nzuri, ndugu yangu, na pole na majukumu. Kwa uliyoyaeleza sioni dalili ya kifaa kibovu hata kimoja. Ushauri wa rafiki yako usiufuate kwanza. Tutaurudia baadaye kidogo.

Tuanze na ping. Ping ikijibu, umejua jambo moja tu: kifaa kina umeme na njia ya kukifikia ipo. SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao habari zao, ambayo snmpwalk na snmpget ni amri zake, ni kitu kingine. Ndani ya ruta au swichi kuna programu ndogo, huitwa wakala, inayosikiliza maswali kwenye UDP poti 161. Programu hiyo inaweza kuwa imezimwa huku ping inajibu mwaka mzima. Na hata ikiwa imewashwa, ukikosea komyuniti (lile neno unaloandika baada ya -c) katika toleo la 1 au la 2c, kifaa hakikwambii kwamba umekosea. Kinalitupa swali lako kinakaa kimya, kwa makusudi, ili anayebahatisha maneno asijue kama amekaribia. Kwa hiyo "Timeout" ni neno moja lenye sababu nyingi nyuma yake: wakala amezimwa, komyuniti si sahihi, anwani yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, faiawoli imezuia, au jibu limetoka lakini limepotea njiani. Mbele yako zote zinafanana. Snmpwalk isipopewa maelekezo mengine husubiri sekunde 1, hurudia mara 5, na baada ya sekunde 6 hivi inakata tamaa.

Kuzitenganisha sababu hizo, fungua madirisha mawili. La kwanza liangalie pakiti zinazopita:

sudo tcpdump -ni any udp port 161

Kwenye la pili uliza swali moja tu, dogo kuliko yote:

snmpget -v2c -c NenoLako 192.168.10.1 1.3.6.1.2.1.1.1.0

Hapo umeiuliza ruta, "wewe ni nani?" Ikiwa sawa, itajibu kitu kama "RouterOS" na jina la modeli. Isipojibu, tazama dirisha la tcpdump. Ukiona pakiti zinatoka na hakuna inayorudi, tatizo liko kwenye ruta au njiani. Ukiona jibu linarudi lakini kutoka anwani tofauti na uliyoiuliza, ruta yako ina anwani nyingi na imejibu kwa nyingine, nalo jibu la namna hiyo hutupwa mara nyingi. Iulize kwa anwani ile iliyotokea kwenye tcpdump. Ukiona jibu limerudi vizuri kabisa na snmpget bado inalalamika, chunguza faiawoli ya kompyuta yako mwenyewe, maana tcpdump huiona pakiti kabla faiawoli haijaigusa. Na ukishaacha kutumia "public", angalia jambo moja zaidi kwenye dirisha hilo: neno lako la komyuniti limeandikwa wazi, herufi kwa herufi. Kumbuka hilo, lina kazi mbele.

Kwenye MikroTik huduma ya SNMP huja imezimwa, na nashuku hapo ndipo ulipokwama. Ingia kwenye ruta, andika /snmp print uone kama enabled ni yes. Kisha:

/snmp community add name=NenoLako addresses=192.168.10.5/32 read-access=yes write-access=no
/snmp set enabled=yes

Badala ya 192.168.10.5 weka anwani ya kompyuta yako ya Ubuntu, na hakikisha anwani hiyo haibadiliki-badiliki. Kama kwenye faiawoli ya ruta kuna sheria ya kukataa yote mwishoni mwa mnyororo wa input (sheria za pakiti zinazokuja kwa ruta yenyewe), ongeza sheria moja ya kuruhusu UDP 161 kutoka anwani hiyo pekee, uivute iwe juu ya ile ya kukataa. Ikibaki chini yake haitafanya kazi, na hili linawapotezea watu saa nzima. Kwenye swichi za Cisco mantiki ni ileile:

access-list 10 permit host 192.168.10.5
snmp-server community NenoLako RO 10

Sasa rafiki yako. "Private" si dawa ya kimya. Kwa mazoea ya miaka mingi ndilo jina la komyuniti ya kuandika, yaani mwenye nalo haulizi tu, anaweza kubadilisha. Amri moja ya snmpset inaweza kuzima tundu linalobeba chuo kizima, na ukishalizima kwa mbali huwezi kuliwasha kwa njia hiyohiyo. Itabidi uchukue waya wa konsoli na ngazi. Kazi unayoitaka wewe ni kusoma tu. Kama kuna kifaa chako kinachojibu kwa "private", futa komyuniti hiyo leo. Na ile swichi iliyokujibu kwa "public" nayo ibadilishie neno, kwa kuwa kama imekujibu wewe itamjibu na mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta mpakato bwenini. Faiawoli iache ilivyo. Poti 161 ikiwa wazi upande wa intaneti, watu wa mbali wataitumia ruta yako kuwamwagia wengine mafuriko ya pakiti, na Mb 50 zako zitaishia huko.

Maelfu ya mistari yametokana na ukarimu wa snmpwalk. Usipoiambia ianzie wapi, inaanzia 1.3.6.1.2.1 na kusoma tawi lote: matundu, njia za mtandao, anwani za jirani, kila kitu. Namba hizi, OID, zisome kama anwani ya makazi: mkoa, wilaya, kata, mtaa, namba ya nyumba. 1.3.6.1.2.1 ni eneo la mambo yanayofanana kwa watengenezaji wote. 1.3.6.1.4.1 ni eneo la viwanja vya watengenezaji, kila mmoja na namba yake: Cisco 9, APC 318, MikroTik 14988, Ubiquiti 41112. Nyumba isiyo na wenzake kwenye mtaa huishia na .0, kama ile 1.1.0 ya hapo juu. Ukiisahau hiyo sifuri, snmpget itakujibu "No Such Instance", na wengi hudhani kifaa hakina taarifa hiyo wakati kinayo.

Kama unapenda majina badala ya namba, sakinisha snmp-mibs-downloader, kisha ufungue /etc/snmp/snmp.conf na uweke alama ya # mbele ya mstari unaosomeka "mibs :". Bila hivyo Ubuntu itaendelea kukuonyesha mistari inayoanza na "iso.3.6.1". Si kosa, ni anwani tupu bila majina ya mitaa. Ukiwa na MikroTik kuna njia ya mkato nzuri sana: andika /interface print oid, nayo itakutajia yenyewe namba za kila tundu.

Kwa lengo lako, anza kwa kuuliza majina ya matundu:

snmpwalk -v2c -c NenoLako 192.168.10.1 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1

Tuseme intaneti inaingia kwa ether1 na mstari wake unaishia na .1. Hiyo ndiyo namba ya tundu. Sasa twende kwenye namba yako iliyorudi nyuma.

Namba hiyo ni mita, kama mita ya maji ya nyumbani. LUKU hupungua kadiri unavyotumia. Hii huongezeka tu, na usomaji mmoja hauna maana yoyote. Msoma mita huja na karatasi yenye usomaji wa mwezi uliopita, anatoa, anapata uniti. Mita uliyoisoma wewe, ifInOctets, ni ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inaanza upya kutoka sifuri, kama mita ya zamani ya gari. Ukichukua usomaji wako wa asubuhi na wa jioni, na kudhani imezunguka mara moja tu, utapata baiti 993,736,233, haifiki hata GB 1. Chuo kizima, kutwa nzima, GB 1? Sidhani. Laini ya Mb 50 ikijaa, mita hiyo inamaliza mzunguko kwa dakika 11 na nusu. Kati ya asubuhi na jioni imezunguka mara nyingi, na hakuna anayeweza kukwambia ni mara ngapi. Usomaji ule utupe.

Tumia mita ya biti 64. Kwa zinazoingia ni 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6 na namba ya tundu mwishoni. Kwa zinazotoka badala ya .6 weka .10. Kwa laini yako haitazunguka enzi zetu wala za wajukuu. Toleo la 1 la SNMP halina mita za biti 64, kwa hiyo ukiandika -v1 utadhani swichi haina kabisa. Andika -v2c.

Usiandike komyuniti kila mara kwenye amri, itabaki kwenye historia ya kompyuta. Tengeneza faili ~/.snmp/snmp.conf, weka mistari miwili, "defVersion 2c" na "defCommunity NenoLako", kisha chmod 600. Halafu andika faili la soma.sh:

#!/bin/sh
R=192.168.10.1
N=1
X=1.3.6.1.2.1.31.1.1.1
echo "$(date '+%F %T') $(snmpget -Oqvt $R 1.3.6.1.2.1.1.3.0 $X.1.$N $X.6.$N $X.10.$N | tr '\n' ' ')" >> /home/tehama/matumizi.txt

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, kisha kwenye crontab (ratiba ya kazi za kompyuta) liendeshe kila dakika 5 kwa */5. Usijaribu kuubana mstari wote ndani ya crontab yenyewe: alama ya % mle inageuzwa kuwa mwisho wa mstari, na tarehe yako itaharibika bila maelezo. Utapata mistari kama hii:

2025-08-12 10:05:01 48211930 ether1 81204553120 9930118402
2025-08-12 10:10:01 48241930 ether1 82929553120 9961540077

Toa safu ya zilizoingia: 82,929,553,120 kutoa 81,204,553,120 ni baiti 1,725,000,000. Zidisha kwa 8 upate biti, gawanya kwa sekunde 300. Jibu ni Mb 46 kwa sekunde. Katika laini ya Mb 50, asilimia 92 imeshaliwa saa nne asubuhi.

Safu ya kwanza baada ya saa ni muda tangu wakala awake, kwa sehemu za mia za sekunde. 48211930 ni siku 5 na nusu hivi. Nimeiweka makusudi. Umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, mita zote zinarudi sifuri, na hesabu yako itatoa namba hasi au ya ajabu. Muda huo ukiwa mdogo kuliko wa mstari uliotangulia, usitoe, ruka mstari huo. (Nao hurudi sifuri wenyewe kila baada ya siku 497. Kwa umeme wetu sidhani kama litakusumbua.) Jina la tundu nalo lipo kwa sababu: kwenye baadhi ya vifaa namba za matundu hubadilika baada ya kuwasha upya, na bila jina ungeendelea kusoma tundu la maktaba ukidhani ni la intaneti. Kwenye Cisco unalizuia hilo kwa amri ya snmp-server ifindex persist. Mstari wenye saa peke yake bila namba unamaanisha ruta haikujibu dakika hiyo. Uache, ni ushahidi.

Angalia na upande. "Kuingia" ni kuingia kwenye kifaa unachokiuliza. Kwenye tundu la ruta linaloelekea kwa mtoa huduma, zinazoingia ndizo watu wanazopakua. Kwenye tundu la swichi linaloelekea bwenini ni kinyume: zinazoingia ndizo wanafunzi wanazopandisha. Ripoti nyingi zilizogeuzwa kichwa chini chanzo chake ni hiki.

Sasa lile swali la mkuu wako, "nani anaimaliza". Hapa umwambie ukweli mapema. SNMP itakuonyesha tundu gani la swichi gani linabeba mzigo: bweni la pili, maabara, jengo la utawala. Haitakuonyesha mtu, wala tovuti. Ukitaka kuona anwani kwa anwani, kwenye MikroTik kuna Torch kwa kutazama papo hapo na Traffic Flow kwa kukusanya. Ila ukianza kuhifadhi nani alitembelea wapi, umeingia kwenye eneo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na uamuzi huo si wa fundi. Chuo kiwe na sera iliyoandikwa kwanza. Ushauri wangu: anza na matundu. Mara nyingi kujua tu kwamba mzigo wa saa nne usiku uko bweni fulani kunatosha kupanga mgao.

Ukiwa hapohapo, soma na 1.3.6.1.2.1.2.2.1.14, makosa yanayoingia kila tundu. Namba kubwa iliyosimama haina neno, huenda ni ya zamani. Inayopanda kila dakika 5 ina maana, na kwa hapa kwetu mshukiwa wa kwanza ni waya wa ndani uliopitishwa nje juu ya bati. Jua linaupasua ganda lake, mvua za Desemba zinaingia, na kichwa cha RJ45 kinashika kutu ya kijani.

Mpwapwa. Snmpwalk huuliza thamani moja, inasubiri, inauliza inayofuata. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 120, mistari 3,000 ni dakika 6, na katika dakika 6 pakiti zikipotea mfululizo au swichi ikichelewa kwenye jedwali kubwa, muda unaisha na kazi inakatika. Dawa ya kwanza ni kuuliza kidogo: jedwali unalolihitaji tu. Ya pili ni kuuliza kwa mafungu na kuwa na subira:

snmpbulkwalk -t 3 -r 2 -Cr10 192.168.30.2 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1

Hapo inaleta thamani kumi kwa safari moja. Usiwe na tamaa ya kuandika -Cr50. Jibu likiwa kubwa kupita kipimo cha VPN linakatwa vipande, kipande kimoja kikipotea jibu lote limepotea, na utarudi kuniandikia kwamba inakatika. Ikikatika hata kwa 10, shusha hadi 5. Na ukikutana na "OID not increasing", wakala wa kifaa hicho ana hitilafu na anarudia mistari; sasisha programu yake, au kwa muda tumia -Cc ukiwa tayari kuikatisha mwenyewe.

UPS itajibu ikiwa tu ina kadi ya mtandao. Yenye waya wa USB peke yake haihusiki. Ikiwa nayo, na inafuata jedwali la kawaida, 1.3.6.1.2.1.33.1.2.4.0 ni asilimia ya chaji, .3.0 badala ya .4.0 ni dakika zilizobaki, na .5.0 ni volti za betri kwa sehemu za kumi. Kwa hiyo 273 ni volti 27.3, usimpigie mtu simu.

Kuhusu usalama, kumbuka lile neno ulilolisoma wazi kwenye tcpdump. Ndani ya jengo moja, kusoma tu, kwa anwani moja iliyoruhusiwa, toleo la 2c linavumilika. Pale ambapo huiamini njia yote, tumia la 3, lenye jina la mtumiaji na usimbaji fiche. Nywila zisipungue herufi 8:

snmpget -v3 -l authPriv -u msomaji -a SHA -A 'nywila-ya-kwanza' -x AES -X 'nywila-ya-pili' 192.168.30.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0

Lina faida moja ambayo wewe utaipenda: ukikosea jina linakujibu "Unknown user name". Halinyamazi.

Kuna mahali ambapo mstari wa amri hautoshi. Swichi ndogo za bei rahisi za matundu 5 au 8 zisizo na anwani ya IP hazina wakala ndani yake na hazitajibu milele. Bajeti ndiyo jibu. Kama swichi inasimamiwa lakini hakuna anayejua nywila yake, usiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani ukiwa peke yako saa za kazi, kwa kuwa VLAN zote (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) zitafutika pamoja nayo. Mwite fundi mwenye uzoefu wa chapa hiyo, mje siku ya mapumziko, mkiwa mmeandika kila waya uko tundu gani. Betri ya UPS iliyovimba ni kazi ya fundi umeme. Na kile kifaa cha mtoa huduma kilichofungwa ukutani kwako si chako, hata kama kipo kwenye rafu yako: usikibahatishie komyuniti, unaweza kujikuta umevunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Andika barua ya chuo uombe ruhusa ya kusoma tu, ukitaja anwani yako na matundu unayotaka kuyaona. Wakikataa, tundu lako la ether1 linakuonyesha karibu yote unayoyahitaji.